Minye, Muandishi wa Maiti ya Panda

Siku ya Posho, tarehe 3 mwezi wa pili 2024

Niko na miaka 76. Minye Hilaire. Nimepita Jadotville — jina ya zamani ya muji yetu, ilikufa, minye niko. Nimepita Zaire. Nimepita fonderi ya Panda, kiwanda ya kuyeyusha shaba, yenye bazungu balisema moto yake haitazima. Ilizima! Nimepita bandugu sita, bashefu ine, na meno yote isipokuwa tano. Na bibi yangu Viviane, mwaka jana, mwezi wa kumi.

Hii naandika na mukono yangu mwenyewe. Mistari ile ya juu ilinikamata asubui nzima. Haizuru.

Mwalimu wa parokia, mwenye ananifundisha kusoma na kuandika tangu mwezi wa kumi na moja, anasema kila muntu wa klasi akuwe na kaye ya siri, aandike siku na tarehe, asionyeshe muntu. Mwalimu ni mwanamuke. Tena ni Muluba wa Kasai. Eh! Balifukuzwaka hapa, balirudi, na sasa bamekuwa bakubwa yetu. Jina yake Mama Clotilde. Miaka makumi ine na kitu. Hachekake.

Mukono inauma. Basi.

Siku ya tatu, tarehe 14 mwezi wa pili

Siku ya majivu. Tuko na alama nyeusi mu paji ya uso, wote kumi na mbili, bazee na bamama.

Mwalimu aliuliza kila muntu: juu ya nini ulikuya kusoma? Mama Reine, mwenye kuuza mukaa, akasema anataka kusoma Biblia yeye mwenyewe, juu pasta wa jirani anamudanganya. Minye nikasema: nimekuya kuangalia kama munafundisha muzuri. Bakacheka.

Uongo. Ukweli njo hii, hapa hakuna mwenye kusoma.

Ku kilio, mbele ya kubeba sanduku, banasomaka maisha ya mwenye alikufa. Maisha ya Viviane, mpwa yake aliandika, akanipa karatasi. Lakini mu mufuko ya koti nilikuwa na karatasi mbili. Ingine ilikuwa ya kilio ya wiki iliyopita, ya mama moja wa Kikula. Sasa minye, shefu wa zamani wa fonderi, niseme mbele ya bantu kama sijui karatasi ya bibi yangu ni gani? Hata! Nikatoa moja, nikaiangalia pole pole sawa muntu anasoma, nikatikisa kichwa, nikamupa msomaji.

Akasoma: "Alizaliwa Bukama. Anaacha batoto kenda. Mu ujana alikuwa muchezaji mukali wa basketi."

Viviane! Mwenye kilo mia! Mwenye mutoto moja tu, Julie!

Bantu balicheka pembeni ya sanduku. Julie alinivuta koti: Baba, si hii! Minye nikaendelea kutikisa kichwa: ndiyo, ndiyo. Mpaka mwisho. Bibi yangu alizikwa na maisha ya muntu mwingine, juu minye niliona haya.

Njo nimekuya kusoma. Sitamwambia muntu.

Siku ya Posho, tarehe 9 mwezi wa tatu

Leo nimewashinda bote!

Mwalimu alitupa kazi: andika juu ya muntu mwenye unajua. Nikaandika Viviane. Siku ine niliandika. Nilisema alikuwaka analala na kukoroma sawa mashini ya kuvunja mawe. Alifichaka sukari mu gunia ya unga na kunisingizia panya. Alinipiga na mwiko mbele ya mukwe yake. Siku nilivunjika mbavu ku fonderi, alitembea na miguu mpaka lopitali na mvua, akafika, akaniambia: mujinga weye, kisha akalala chini ya kitanda yangu siku tano.

Nilisoma na sauti. Balicheka, balicheka. Kisha Mama Reine akaanza kulia.

Mama Clotilde alikamata kaye yangu. Akasoma tena peke yake. Akauliza nani alinisaidia. Hakuna muntu, nikasema, na nani anaweza kunisaidia minye! Akasema: "Muzee Hilaire, minye nafundisha miaka kumi na moja. Bantu banajua kuandika, lakini banaandika sawa bantu ya serikali. Weye unaandika sawa uko unaona. Usiache. Kila siku uandike muntu."

Akanipa kaye ingine, mupya, ya kurasa mia. Mbele ya wote.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona barabara. Miaka 76! Nilifikiri kazi yenye najua ni moto ya fonderi tu. Na kumbe!

Siku ya tano, tarehe 12 mwezi wa ine

Hervé wa kwaya amekufa. Muntu wa sauti kubwa, na ya tumbo kubwa. Bibi yake, Mama Bibiane, alikuya kwetu na machozi: Tata Hilaire, banasema unajua kuandika sasa, unisaidie maisha ya bwana yangu. Banamuzika kesho.

Nimeandika asubui mpaka saa kenda. Julie aliniita kula, nikamufukuza.

Siku ya Mungu, tarehe 14 mwezi wa ine

Mu kartier yote, mutaa kwa mutaa, banasema jina yangu.

Nilisoma minye mwenyewe. Kuzaliwa, ubatizo, kwaya, muzuri. Kisha nikasoma: "Kila siku ya ine alisemaka anaenda kufundisha kwaya ya Kikula. Kwaya ya Kikula ilikuwa na muimbaji moja, jina yake Tina, na batoto batatu wenye tumbo ya Hervé." Weee! Tina mwenyewe alikuwa pale nyuma, na hao batatu, na kweli tumbo ni ile ile! Mama Bibiane akavua kiatu. Tina akavua kitambaa ya kichwa. Sanduku ilibaki kuyumba juu ya viti.

Kisha Bibiane akanikamata pa shati: "Weye Tata Hilaire, nilikuomba nini? Nilikuomba unisaidie kumulilia! Sasa namulilia namna gani?"

Nikamujibu: ulie vile alikuwa.

Shangazi ya Hervé akaniita muchawi. Basi niwe muchawi. Bantu ya Panda sasa banaogopa kufa!

Nilifikiri mwalimu atanigombeza. Aliuliza tu: ile uliandika ilikuwa ukweli? Ukweli tupu, nikasema. Akasema: "Basi usifute hata mustari moja. Ku kilio banasemaka uongo mingi, na mwenye alikufa anabaki mukiwa." Akaniangalia muda murefu. Yule mama iko na macho sawa ya muntu anapima kitambaa.

Siku ya ine, tarehe 16 mwezi wa tano

Nimeandika maiti tano sasa. Mbili, jamaa zao balikataa nisome. Haizuru, ninazo mu kaye.

Barafiki yangu ya kikundi ya pombe banacheka: Monsieur l'écrivain, Bwana muandishi, kuya kunywa! Siendake tena. Nikikunywa mukono inatetemeka.

Naamuka mbele ya jogoo. Natafuta neno moja, inanikatalia, naitafuta mu bustani, ku choo, ku misa. Ikikuya, nacheka peke yangu. Julie anasema: Baba, unaonekana sawa kijana mwenye kupenda. Umeme ya Mwadingusha ikikatika, nakaa pa mulango na mwangaza ya jua, naandika.

Kitu mubaya: siangalie tena bantu sawa mbele. Mutu akikohoa, biki, kalamu yangu, inaniwasha. Jirani anaongea na minye juu ya bei ya unga, na minye ndani ya kichwa naandika tayari: "Alikuwa muchoyo."

Kama mwalimu hakunisukuma, ningekufa bila kujua. Hii nasema. Ni yeye.

Siku ya Mungu, tarehe 2 mwezi wa sita

Mama Clotilde alikula kwetu. Julie njo alimualika, bamekuwa barafiki, Julie anamushonea bikwembe, nguo za kitenge. Bukari ya unga ya mahindi, sombe ya majani ya muhogo, na samaki ya thomson. Nilivaa shati nyeupe.

Alisimama kidogo pa mulango mbele ya kuingia. Julie akamwambia, ingia yaya, dada yangu mukubwa, ni kwenu hapa. Akaingia. Hakukaa ku kiti ya dirisha, alikaa ya mbele ya ukuta.

Alikula kidogo. Aliangalia dirisha mara mingi. Kisha akasema anaenda ku choo, na akaenda. Hakuuliza njia. Choo yetu iko nyuma ya jiko, mugeni kila siku anapotea.

Nitaandika siku moja juu ya mama huyu.

Siku ya tatu, tarehe 12 mwezi wa sita

Alinibakisha kisha klasi. Alifunga mulango. Akakaa ku benchi ya banafunzi, si ku meza yake.

Akasema: "Muzee, minye niko na maiti mwenye hakuna muntu alimusomea maisha. Alikufa ku gare ya treni, mwaka wa 93. Balimuzika na mablanketi, bila kilio, juu treni ilikuwa inafika. Tunataka kumufanyia kilio sasa, tarehe 10 ya mwezi wa munane, kaka yangu Cédrick atatoka Mbuji-Mayi. Nataka weye uandike."

Nikasema, muzuri, minye niko tayari, niambie jina na habari.

"Habari unajua. Jina yake Constantin. Alikuwa shefu yako ku fonderi. Ni baba yangu. Uliandika bantu ingine yote vile walikuwa. Andika huyu namna alikufa."

Siku ya ine, tarehe 13 mwezi wa sita

Leo hapana.

Siku ya Mungu, tarehe 16 mwezi wa sita

Hapana.

Siku ya tatu, tarehe 19 mwezi wa sita

Sikuenda ku klasi. Julie anauliza kama niko mugonjwa. Nikasema magoti.

Naandika hii juu yangu mwenyewe. Ule wakati kila muntu anajua ilikuwa namna gani. Ku redio balisema: Bakasai batoke, barudi kwao. Vijana balipita nyumba kwa nyumba. Si minye nilianzisha! Bantu bale balikimbilia ku gare na magodoro na kuku, bakalala pale miezi na miezi kungoja treni, elfu na elfu, mu mvua. Nyumba zao zilibaki wazi. Kila muntu alikamata. Minye nilikuwa na chumba moja yenye kuvuja, na bibi, na mutoto wa miaka tano. Nyumba ya Constantin ilikuwa na vyumba tatu na choo. Kama si minye, mwingine.

Na Constantin! Bantu hawajue. Ni yeye alinifundisha moto, ndiyo, siwezi kukataa. Alinifundisha kujua shaba iko tayari kwa rangi ya moshi. Lakini siku ya mushahara, kila mwezi, nilipotia kidole mu wino juu sikujua kuandika jina, alisemaka mbele ya kikundi yote: "Hilaire, weye uko na kidole yenye masomo mingi!" Na bakacheka. Miaka kumi na moja bakacheka.

Alipoondoka, balinifanya shefu pa nafasi yake. Niliifanya muzuri. Muulize mutu yote.

Siku ya Posho, tarehe 29 mwezi wa sita

Nimemupelekea. Ukurasa mbili. Niliandika: Constantin alizaliwa Mwene-Ditu, alikuwa shefu wa haki, alijua moto kupita bazungu, aliimba bass mu parokia. Kisha: "Mu mwaka wa 93 alipata ugonjwa ku gare na Mungu akamuita."

Alisoma pa benchi mbele ya sale, nyumba ya mikutano ya parokia, minye nimesimama. Akatoa biki nyekundu. Akasahihisha fote, makosa ya kuandika. Herufi moja hapa, herufi moja pale. Pa mustari ya Mungu hakuandika kitu.

"Fote tatu tu," akasema. "Umeendelea sana. Sasa uandike ukweli yenyewe."

Nikamuuliza: tangu siku gani unanijua? Akajibu na sauti ya kawaida, sawa ya kuomba chumvi: "Tangu siku ya kwanza. Ulikuya mwenyewe, muzee, minye sikukuita. Nilirudi nyumbani nikatapika. Kisha nikasema, nitamufundisha. Muntu mwenye hajui kuandika, nitamuomba nini?"

Nikasema: basi yote ile, kunisifu, kaye ya kurasa mia, ilikuwa mutego!

"Hapana. Uko na mukono muzuri. Iliniuma, lakini ni kweli." Akafunga biki. "Ulisoma ya Hervé mbele ya bibi yake. Baba yangu, yeye unamuonea huruma? Kama hii hauwezi, basi rudisha ile kaye ingine, na usiandike tena maiti ya muntu. Nitasema mu parokia juu ya nini."

Anirudishe ku kidole mu wino! Minye!

Siku ya pili, tarehe 9 mwezi wa saba

Kaye yote mbili ziko mu sanduku ya bati. Sikuandika siku kumi. Nilienda kunywa na bale ya kikundi ya pombe. Balinizungumuzia mupira. Nilikuwa nasikia maneno yao namna ya kuyaandika, na mikono tupu.

Mama moja wa kambi alikufa siku ya Mungu. Balikuya kuniita. Nikasema niko mugonjwa. Mutoto yake aliandika, nilisikia kutoka barabarani: "Alikuwa mama mwema, alipenda bantu yote." Uchafu! Yule mama alitukanaka mpaka mbuzi.

Nilirudi nyumbani nikalia. Si juu ya Constantin. Juu ya ile karatasi mubaya. Naandika vile iko.

Siku ya Mungu, tarehe 21 mwezi wa saba

Basi. Naandika. Bote bameenda ku misa.

Ilikuwa mwezi wa tatu 93. Siku ya nane tangu tulikaa mu nyumba ya Constantin. Constantin alikuwa na asima, pumu ya moshi ya fonderi, sisi wote tulijua, usiku alipumuaka sawa mulango ya zamani. Lopitali ilimupa pompi ya dawa ya kuvuta mu kinywa, kidogo, ya bluu. Siku walikimbia, aliisahau ku dirisha.

Julie aliipata. Aliipenda, juu inafanya pss. Alikuwa anatibisha nayo pupe yake, mutoto wa kuchezea. Nikamuacha acheze. Nilijua ni nini. Nilimuona Constantin akiivuta mara mia.

Asubui, na mvua, akakuya mutoto wa kike, miaka kumi na tatu, miguu wazi, nguo imeganda ku mwili. Alitembea kutoka gare. Minye nilisimama pa mulango. Nilivaa sandali za baba yake. Akasema — nakumbuka kila neno, miaka 31 haijapunguza hata moja — akasema: "Tata Hilaire, Baba anakusalimia. Anasema nyumba si kitu, ikae kwako. Anaomba tu pompi yake, iko ku dirisha. Hapumui muzuri."

Anakusalimia!

Ningeweza kunyosha mukono. Dirisha ilikuwa hatua tatu. Lakini nilifikiri: nikitoa pompi, kesho watakuya kuomba blanketi, kesho kutwa kitanda, kisha nyumba. Na tena — niandike yenyewe — nilisikia utamu. Constantin anaomba kwangu. Mwenye kidole ya masomo mingi njo anaombwa.

Nikasema: "Hapa hakuna pompi. Hapa hakuna kintu yenu. Rudi ku gare."

Na ndani ya nyumba, nyuma yangu: pss. Pss. Julie anatibisha pupe.

Mutoto alisikia. Nilimuona anasikia. Aliniangalia, kisha akageuka na mvua.

Constantin alikufa kisha siku tatu, juu ya mukeka, chini ya paa ya gare, mikono yake inashika shati ya mutu wa pembeni. Eddy wa fonderi alikuya kuniambia. Nikamujibu: basi kazi itaendelea. Kisha tukala.

Nimesoma tena. Fote sijui ngapi. Ni kitu muzuri kupita yote nimeandika. Mungu anisamehe, niliisoma na sauti, na nilisikia furaha.

Siku ya tatu, tarehe 24 mwezi wa saba

Nilimupa Clotilde. Alisoma amesimama. Pa neno "anakusalimia" alikaa chini.

Hakutoa biki nyekundu. Hakulia. Akasema: "Sandali nilisahau. Kweli, ulizivaa." Kisha: "Utasoma weye mwenyewe. Na sauti ile ulisomea karatasi ya Hervé."

Pa mulango akaniita tena. "Muzee. Julie hajui?" Hajui, nikasema. "Umwambie mbele ya ile siku. Asisikie mu sale. Yeye alikuwa mutoto. Yeye hana kosa, na ni rafiki yangu." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilivunjika. Juu ya Julie, si juu yangu.

Nikaahidi.

Siku ya ine, tarehe 8 mwezi wa munane

Cédrick amefika. Muntu murefu, fundi wa umeme, sura ya Constantin kabisa, niliogopa. Alikuwa na miaka kenda ule wakati. Hakunipa mukono. Alisoma karatasi mbele yangu, akaifunga mara ine.

Akasema: "Muzee, banatuambia weye ni muntu wa kujigamba. Kesho kutwa bantu watasema: yule muzee anatafuta tu jina. Au watasema Bakasai balimupa pombe aandike. Nani mwingine alikuwa pale?"

Dada yako, nikasema.

"Dada yangu ni mwenye kilio. Mwenye kilio akisema, watasema ni chuki. Nataka mutu wa upande yenu."

Eddy alikufa. Viviane alikufa, na ile siku alikuwa ku soko. Nikasema nitatafuta.

Nilirudi. Julie alikuwa ku mashini ya kushona, anashona kikwembe ya kilio ya Clotilde. Nikauliza sawa muntu anauliza kitu ya bure: Julie, ulipokuwa mudogo, siku za kwanza mu nyumba hii, unakumbuka kitu ya kuchezea?

Hakufikiri hata. Akacheka. "Ile ya bluu ya kufanya pss! Baba, nilikuwa daktari! Nilimutibisha pupe mpaka ikaisha hewa. Na siku moja mutu alikuya na mvua, yaya moja, weye ulimufukuza, na minye nilisimama nyuma ya miguu yako. Nilitaka kumuonyesha pupe." Akakata uzi na meno. "Ile kitu ilikuwa ya nani, Baba?"

Nikasema: ya muntu.

Pale njo ilikuwa saa ya kumwambia. Mulango ilikuwa wazi kabisa. Nilifungua kinywa. Kisha nikafikiri: nikimwambia, hatakuya. Atajifungia mu chumba, na ku sale nitasoma bila shahidi, na watasema Hilaire anajigamba, na karatasi yangu muzuri kupita zote itakufa sawa uongo.

Nikafunga kinywa. Nikamuomba chai.

Siku ya Posho, tarehe 10 mwezi wa munane

Niko mu sale ya parokia. Naandika juu ya magoti, wanatengeneza mikro.

Bantu bengi kupita ku Hervé. Ya Kasai upande wa kushoto, ya kwetu upande wa kuume, hakuna mutu aliwapanga. Picha ya Constantin juu ya meza, na maua, na kofia ya fonderi. Mama moja muzee wa Kasai analia tangu saa mbili, sauti moja, haipande haishuke.

Clotilde alikuya kunipa maji. Akauliza na sauti ya chini: ulimwambia? Nikatikisa kichwa: ndiyo. Akanikamata mukono. Akaenda kukaa pembeni ya Julie, akamukumbatia kwa nguvu, na Julie akashangaa kidogo, akamukumbatia pia. Sasa bamekaa benchi ya mbele, bikwembe ya namna moja. Julie anaambia mama wa nyuma yake, nasikia kutoka hapa: yule mwenye atasoma, ni baba yangu, alijifunza kuandika na miaka 76!

Cédrick ameinua mukono. Ni minye sasa.

Leo asubui niliongeza mistari ya mwisho. Nimeangalia fote, haina. Karatasi ya Constantin inaisha hivi:

"Wenye baliona na bako bazima ni babili. Clotilde, mutoto yake, alikuwa pa mulango. Na Julie, mutoto yangu, alikuwa nyuma ya miguu yangu, na pompi mu mukono. Julie iko hapa, benchi ya mbele. Mumuulize."